Oili ya Lori la Fidelis na Jina la Severini

Kigango cha Mtakatifu Ana,
S.L.P. 19,
Mgeta,
Morogoro.
Jumatatu, 14 Machi 1994

Mpendwa mdogo wangu Yakobo,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba, mdogo wangu. Shikamoo yako ya kwenye barua ya Januari niliipokea, ingawa mwaka huu sijui kama naistahili. Utaona mwenyewe huko mbele.

Hujambo huko Kapiri Mposhi? Wifi yangu Lucy hajambo? Ule mguu wake uliokuwa unavimba umepona, au bado anauficha chini ya kitenge ili usimpeleke hospitali? Baraka na Witness wanasoma? Waambie shangazi yao anawakumbuka, na sweta za baridi atawafumia akitulia, maana kwa sasa hata uzi hauingii kwenye tundu la sindano.

Sisi huku tu wazima wa miili, tunamshukuru Mungu kwa hilo. Masika yameanza mapema. Barabara ya kushuka Morogoro imekuwa uji mtupu, na wasio na usafiri njegere zinawaozea shambani. Kabichi zimefunga vizuri mwaka huu, karoti nazo zimenenepa.

Salamu zimekwisha, sasa kaa chini. Kama umesimama, kaa. Mwite na wifi akae karibu nawe. Leo ni siku ya tano tangu jambo hili linifike.

Yakobo, Severini hakuiba. Hakuiba hata nati moja! Ringi, gasketi na sili zote ulizozitafuta huko kwa taabu ziko ndani ya injini, mahali pake, kama ulivyozituma. Aliyeifanya injini imwage oili ni mimi. Mimi dada yako niliyekuandikia kurasa nne za kumchafua kijana wa watu. Yesu na Maria! Nimeandika, na bado nikisoma naona kama nasoma habari za mwanamke mwingine.

Ngoja nikueleze toka mwanzo, maana najua umeshaanza kukuna kichwa na kusema dada Regina amechanganyikiwa.

Unalikumbuka lori la marehemu shemeji yako Fidelis, lile Bedfodi alilonunua kwa Mgiriki wa mashamba ya katani. Tangu mwaka themanini na tatu lilikuwa limekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba, kuku wanatagia chini ya kiti cha dereva. Ringi hakuna, gasketi hakuna, hata oili yenyewe ilikuwa kwa kibali cha mkoa, na ukipewa kibali unaambiwa oili imekwisha jana. Fidelis amekufa bado analitaja. Siku hizi za ruksa kila kitu kimejaa madukani, lakini nusu ya vipuri ni vya bandia, ndiyo maana tukakuomba wewe utafute huko, ukamkabidhi Benedikto anayefanya kazi kwenye treni akatuletea.

Severini naye unamjua kwa barua tu. Ni mtoto wa Matombo, ana gereji yake Mwembesongo, Morogoro mjini, ndiye aliyeleta posa kwa Faraja mwanangu. Mwenyewe ndiye aliyejitolea kulifufua lori. Injini ikashushwa, ikafumuliwa yote, silinda zikachongwa upya mjini, ikafungwa. Siku ile ya Novemba ilipowaka nilitoka jikoni na mwiko mkononi, nikapiga vigelegele peke yangu mpaka majirani wakadhani Faraja ameshaolewa. Nililia, Yakobo. Nilimsikia Fidelis kwenye ule mngurumo.

Basi, kesho yake asubuhi ndipo nilipofanya nilichofanya.

Kibwana, dereva wetu yuleyule wa enzi za Fidelis, aliiwasha injini ipate moto. Nami nafagia uani. Nikaona pembeni mwa injini kuna bomba limeinamisha mdomo chini, mdomo wenyewe uko wazi kabisa, linatoa kamoshi kembamba, na mara mojamoja linadondosha tone la oili. Tone la oili, linaanguka chini, kwenye uwanja wangu! Mtu niliyepanga foleni kwa oili siku mbili nimemshika Faraja mkono, leo naiona inadondoka bure.

Nikajua kijana kasahau kizibo. Na nikaona huruma. Nikasema, huyu ni mkwe mtarajiwa, Kibwana akiliona hili atalitangaza soko zima kwamba vijana wa siku hizi wanafunga injini na kuacha matundu wazi. Mimi ni mama, nimfunike aibu yake. Kibwana alipozima na kuingia ndani kunywa uji, nikachukua gunzi la muhindi, nikalizungushia kipande cha khanga yangu kuukuu, nikalisukumiza ndani ya lile bomba mpaka likakaza. Unajua ninavyoziba chupa ya mafuta ya taa, unajua ninavyoziba kibuyu cha togwa, basi vilevile. Kamoshi kakakoma. Nikarudi kufagia nimeridhika kabisa, na sikumwambia mtu.

Lori likashuka Morogoro na kabichi. Liliporudi, loo! Oili mbele, oili nyuma, oili juu ya mfuniko wa injini. Kile kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimechomoka chenyewe, kinaning'inia. Nikamwita Severini. Akaja, akashangaa, akabadilisha sili ya nyuma usiku na mchana, na kweli injini ikakauka. Nilipoinama kuchungulia nikaona gunzi langu halipo. Nikasema limeanguka njiani na makorongo yale. Nikaweka jingine, tena hilo nililigonga kwa mchi.

Umeshaelewa, au nikueleze? Oili ikamwagika upya. Safari hii akalichukua lori akalipeleka gereji yake mwenyewe siku nne. Likarudi kavu, limefutwa, linang'aa. Nikaenda kwenye bomba langu. Gunzi halipo, ila pale mdomoni kuna kiwavu cha waya kimefungwa vizuri kwa mkono. Nikacheka, Mungu anisamehe. Nikasema huyu naye, mama anaziba kwa gunzi, yeye anaziba kwa kiwavu chenye matundu! Nikakichokonoa kwa ncha ya kisu, nikakitupa jalalani, nikatia gunzi la tatu.

Krismasi ikanikuta na injini inayomwaga oili kuliko siku zote. Hapo ndipo Kibwana alipotoka sokoni na habari zake, kwamba mjini kuna mafundi wakipewa vipuri vya kweli wanaviuza dukani, wanakufungia vya bandia, navyo vinazuia kuvuja siku tatu tu. Siku tatu! Ndivyo ilivyokuwa kwetu, inakauka siku tatu inavuja. Nikaona kila kitu kimefunguka. Nikachukua kalamu nikakuandikia ile barua ya mwaka mpya. Unayo bado? Ichome.

Nawe mdogo wangu, kwa haraka zako za tangu utotoni, hukuuliza hata swali moja, ukaandika posa ivunjwe. Lakini sikulaumu. Wewe ni mjomba, binti ni wako kuliko alivyo wa babaake, na dada yako mkubwa amekuambia kijana ni mwizi. Ungefanya nini?

Sasa nikueleze kitu ambacho sikukueleza, jinsi barua yako ilivyosomwa. Tuliwaita wazee wa pande zote mbili hapa barazani kwangu, Jumapili ya kwanza ya Februari. Babaake Severini alitoka Matombo kwa miguu, mzee wa watu, amevaa koti la harusi yake. Majirani nao wakajipanga pale kwenye michaichai wakijifanya wanapita. Katekista akasimama akasoma maneno yako kwa ile sauti yake ya kusomea Waraka wa Mtume: mwizi hataoa kwangu, posa irudi ilikotoka, wala asionekane tena kwenye uwanja wa dada yangu. Yule mzee akavua kofia, akaishika kifuani, hakuivaa tena mpaka alipopotea kule bondeni. Severini alisimama muda wote. Alipoulizwa ana la kusema akajibu kwamba neno la mjomba amelisikia. Basi. Nami nikanong'ona, tena kwa sauti ya kusikika, kwamba mwenye hatia hana mdomo.

Tangu siku hiyo Faraja akawa ananisalimia asubuhi na jioni, na katikati hana neno. Gereji ya Mwembesongo ikaanza kupungua wateja, kwa sababu mjini habari ya fundi mwizi inakwenda mbio. Nilipoambiwa nilisema apate haki yake. Mimi huyo huyo, Yakobo, nimetoka kusali Rozari.

Alhamisi iliyopita tulikuwa tunapeleka kabichi Dodoma. Nilipanda mbele na Kibwana, na dumu la oili miguuni pangu, maana ilikuwa ndiyo desturi yetu sasa, kila mwendo tunaongeza. Tulipofika Dumila injini ikaanza kunuka, moshi unafumba kioo, oili inachuruzika barabarani nyuma yetu. Kibwana akaegesha pale pale penye wauza nyanya na miwa. Akatafutwa fundi wa kando ya barabara, Mnyamwezi mmoja mfupi anaitwa Mosi.

Huyu hakushika spana. Alisema iwashwe, akafungua mfuniko wa kujazia oili. Palipofunguka pakatoka pumzi ya nguvu, puu! ikampulizia kofia. Akaweka kiganja pale, akatikisa kichwa. Akaamuru izimwe, akalala chini ya lori na koleo, nikamsikia anavuta na kuguna. Akatoka na gunzi langu.

Akaliinua juu, limeloa oili, kipande cha khanga kinaning'inia. Akauliza kwa sauti ya kuita watu mnadani, "Nani huyu aliyeikaba injini koo?"

Watu wakacheka. Wauza nyanya wakasogea. Kibwana akaitazama ile khanga, akanitazama mimi kiunoni, akaitazama tena khanga, halafu akageuka akawa anaangalia milima. Nilikuwa nimejifunga khanga ileile, Yakobo, na pindo lake limechanika mahali patatu.

Nikasema ni mimi. Nikamwuliza kwani lile bomba si limesahauliwa kizibo? Fundi alipojua mimi ni Mluguru akafurahi kweli, mtani kampata mtani wake, akaniambia sisi Waluguru hata injini tunaiona chupa ya mafuta ya taa. Siku nyingine ningemjibu akome. Siku hiyo nilimwomba tu anieleze.

Kisha akanieleza kwa utaratibu, na mimi nakueleza alivyonieleza. Injini ikiwaka, ule mlipuko wa juu ya pistoni haubaki wote juu. Kidogo kinapenya kando ya ringi, kinashuka chini kwenye oili, na ringi zikiwa mpya bado hazijakaa sawa ndiyo kinapenya zaidi. Kikishashuka lazima kipate pa kutokea, na pa kutokea ndipo hapo kwenye bomba, mafundi wanaliita briza, yaani pua ya injini. Ukiiziba, ile hewa inajaa humo ndani na kutafuta njia nyingine. Inasukuma sili, inasukuma gasketi, inachomoa kijiti cha kupimia, na popote inapopenya inatoka na oili.

Nikamwuliza sili zikoje. Akapitisha kidole, akafuta, akasema, "Mama, sili hizi orijino kabisa. Aliyeifunga injini hii ni fundi. Mwacheni apumzike."

Tukawasha. Tukaenda Dodoma, tukashusha kabichi, tukarudi mpaka Morogoro. Dumu la oili halikuguswa. Nilishuka mara nne kuchungulia chini ya injini, kukavu. Kila niliposhuka nilikuwa naomba nikute hata tone moja, ili niwe na pa kushika. Sikupata.

Ijumaa asubuhi nikashukia Morogoro, nikaenda Mwembesongo kwa miguu yangu. Gereji nusu tupu. Severini yuko ndani anapanga spana kwenye gunia. Aliponiona akainamisha macho kama mkwe anavyopaswa, akaniletea kigoda, yeye akakaa mbali juu ya tairi. Baada ya yote yale, bado ananikalia kama mkwe!

Nikamwambia nimetoka Dumila, nikamweleza lililotolewa kwenye bomba. Hakushtuka. Alinyanyuka akaenda kwenye rafu, akashusha kopo la grisi, akaliweka chini mbele yangu na kurudi kwenye tairi lake. Ndani mna magunzi mawili, na khanga yangu juu yake.

Alikuwa anajua, Yakobo! Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya Mgeta ya mwezi wa saba. Lile la kwanza alidhani ni mchezo wa wapakiaji, akalitoa tu. La pili akaitambua khanga, kwa kuwa amekaa jikoni kwangu, ameona chupa zangu. Tangu Desemba anajua. Siku ile ya barazani, babaake kavua kofia, yeye anajua. Kile kiwavu cha waya alikifunga ili nisiweze kuziba tena, aone kama injini itapona bila mtu kuaibika.

Nikamwuliza, kwa hasira kabisa, maana nilikuwa sijui nifanye nini na uso wangu, kwa nini hakusema.

Akanijibu polepole, "Ningekusema mbele ya nani, mama?"

Mchumba hamkosoi mama mkwe, hilo hata mimi nalijua. Nikamwambia angemtuma mshenga. Akanikumbusha mshenga wake ni Salum muuza vitunguu, ambaye ukimwambia neno asubuhi, adhuhuri liko sokoni. Nikasema angemwambia Faraja. Akasema kumpa binti maneno ya kumsema mamaake ni kuwagombanisha, na yeye hakuja nyumbani kwangu kugombanisha watu. Nikasema basi angenena siku ile barazani, alipoitwa mwizi mbele ya babaake. Hapo akaanza kufuta mikono kwa kitambaa, na mikono yenyewe ilikuwa safi.

"Siku ile, mama, watu wangekucheka maisha. Mimi wakinisema nitahama. Wewe una shamba, una kaburi la mzee pale nyuma ya nyumba. Utahamia wapi?"

Mdogo wangu, nina miaka hamsini na tatu. Nimezika mume, nimezika watoto wawili. Sikumbuki kama kuna neno limewahi kunipiga hivyo. Nilitaka kupiga magoti pale kwenye oili na mchanga. Aliponiona naanza kuinama aliruka akatoka nje, akasema anakwenda kuninunulia soda. Alitoka mbio kweli, kijana wa watu, kwa kuogopa kumwona mama mkwe amepiga magoti mbele yake. Nikabaki na kigoda changu nalia kwa kwikwi. Akarudi na soda ya chungwa, nikainywa yote.

Lile gunia la spana nikaliuliza. Anakwenda Kahama, kwenye machimbo, wanatafuta mafundi wa mashine. Ameuza mashine yake ya kuchomelea, amerudisha chumba. Anaondoka Jumatatu ya Pasaka. Nikamwuliza je, mjomba akiligeuza neno lake? Akasema neno la mjomba alilipokea amesimama, likigeuzwa atalipokea amesimama vilevile, lakini kukaa kulisubiri mahali ambapo watu wanamwita mwizi hawezi tena.

Jumamosi nikamweleza Faraja. Nilidhani atanipigia kelele, na nilizitaka hizo kelele. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuchota maji. Alirudi akanitengenezea chai, ila kikombe akakiweka mezani, hakunipa mkononi. Yakobo, binti huyu amenipa kikombe mkononi tangu ana miaka minne. Aliniambia neno moja tu, kwamba yeye alijua hakuiba, ila hakujua kwa nini hajitetei, na alikuwa ameanza kumchukia kwa hilo.

Jana baada ya misa nikawafuata wazee. Nikawaambia wote, katekista yupo, kwamba mwenye kosa ni mimi, posa ipokewe tena. Walinisikiliza, wengine waliziba midomo kwa kucheka. Lakini jibu lao ni moja: neno la mjomba huondolewa na mjomba. Mama anaweza kulia, hawezi kulifuta. Unaijua mila yetu, siwezi kubishana nayo, maana mimi ndiye niliyeitumia nilipoihitaji.

Kwa hiyo yote yako mikononi mwako sasa. Benedikto amekuwa likizo hapa, kesho anaondoka na barua hii, atakupa mkononi. Amekubali kwamba kwa treni ya kurudi Dar es Salaam, ile ya wiki ya Matawi, atampa mwenzake jibu lako, na mimi nitatuma mtu stesheni. Usisubiri mshahara, usisubiri likizo, usisubiri wifi apike. Andika siku hiyohiyo utakayoisoma hii.

Severini ameniomba jambo moja, nami nakuambia ili nisije nikasema nimemficha mtu tena. Ameniomba kwamba ukiandika, usinitaje. Uandike tu kwamba mambo yamechunguzwa na mjomba amebadili mawazo yake.

Usimsikilize.

Nimemvunjia mtu jina uwanjani, watu wakiwa wamejipanga, babaake akiwa amesimama. Siwezi kumrudishia kwa kunong'ona. Barua yako isomwe barazani palepale, na mzee wa Matombo aitwe. Lori litakwenda kumchukua na kumrudisha, amekaa mbele na Kibwana. Andika hivi: Severini hakuiba. Dada yangu alimsingizia, nami nikamhukumu bila kumwuliza. Hapo kwenye "nami" usiparuke, Yakobo. Na jina langu uliandike kwa kirefu, kwa sababu kwenye kigango hiki akina Regina tupo saba, na Waluguru hawa nawajua, watatoka pale wanaulizana ni Regina yupi. Andika Regina mke wa marehemu Fidelis. Katekista akifika hapo nitasimama, wanione.

Wakicheka, wacheke. Nina shamba, nina kaburi nyuma ya nyumba, sihami.

Nisalimie sana wifi Lucy, wanangu Baraka na Witness, na Wamatengo wale majirani zenu waliotutumia mbegu za maharage, zimeota. Kibwana anakusalimu, amesema nikuandikie kwamba naye ana sehemu yake kwenye maneno ya sokoni na anaomba radhi. Faraja hajasema nikupe salamu, lakini nimemwona ameiosha khanga yake nzuri na kuianika, nami nasubiri jibu lako kama anavyosubiri yeye.

Mungu aliyekufikisha salama nchi ya watu akulinde wewe na nyumba yako, na akupe mkono mwepesi wa kuandika.

Dada yako akupendaye, mwenye kosa,

Regina, mke wa marehemu Fidelis